Kompyuta haioni MP3 yako? Subiri kwanza, usifomati

Mwezi uliopita mama mdogo alinipigia simu akiwa Kariakoo, anaongea kwa sauti ya juu kwa sababu ya makelele ya pale.

"Mwanangu, niko kwa fundi hapa mtaa wa Aggrey. Anasema ile MP3 ya babu yako imekufa mfumo, inabidi aifomati. Anataka elfu tano. Nimpe?"

"Shikamoo mama. Usimpe kwanza. Mwambie asiguse kitu, nakuja."

Nikapanda mwendokasi mpaka Gerezani, nikatembea. Njiani nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: rekodi ya babu. Ile MP3 ni kidude kidogo cha GB 2 ambacho mama mdogo alikinunua hapo hapo Kariakoo zaidi ya miaka kumi iliyopita. Zamani vilikuwa vingi, vina kioo kidogo, tundu la earphone, na kitufe cha kurekodi ambacho karibu hakuna aliyekuwa anakitumia. Mama mdogo alikitumia mara moja tu. Alimkalisha babu barazani, akamrekodi kama dakika arobaini akieleza alivyokuja Dar akiwa kijana, alivyobeba mizigo sokoni Kariakoo kabla ya jengo la sasa, lile lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Babu alishafariki, na hiyo rekodi haikuwa na nakala popote.

Makala hii inahusu kilichofuata, lakini zaidi inahusu jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. "Kompyuta haikitambui" ni jina moja la magonjwa manne tofauti. Ukijua ni lipi kati ya hayo manne, mara nyingi unajitibu mwenyewe bila gharama. Usipojua, unaweza kukubali dawa inayofuta kitu ambacho hukipati tena.

Kwanza: waya unapitisha nini?

Nilipofika nilimkuta fundi, kijana mpole tu, ameshajaribu MP3 kwenye laptop yake kwa waya wa mama mdogo. Taa ndogo ya chaji inawaka. Kompyuta kimya. Hakuna mlio, hakuna ujumbe, hakuna chochote.

"Unaona dada, umeme inapata lakini haisomi. Hiyo ni mfumo."

Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Taa ikiwaka tunaamini waya ni mzima. Lakini ndani ya waya wa kawaida wa USB wa aina ya zamani kuna nyaya nne nyembamba. Nyekundu inaleta umeme wa volti 5, nyeusi inaurudisha. Nyeupe na kijani ndizo zinazobeba mazungumzo, yaani data. Sasa, waya nyingi za bei nafuu zinatengenezwa kwa ajili ya kuchaji tu. Zina nyekundu na nyeusi, basi. Mtengenezaji anaokoa shaba, na kwa kuchaji simu huwezi kugundua tofauti. Kwa nje zinafanana kama mapacha.

Kwa hiyo taa kuwaka kunathibitisha kwamba nyaya mbili za umeme zinafanya kazi. Kuhusu zile mbili nyingine, taa haikuambii kitu.

Namna ya kujua ni rahisi. Chukua simu au kamera inayoingia kwenye waya huo huo, ichomeke kwenye kompyuta, jaribu kuhamisha picha moja. Ikihama, waya una nyaya zote nne. Ikichaji tu bila kuonekana, umempata mwizi wako. MP3 nyingi za zamani zinatumia pini nene kidogo ya Mini-USB, si ile nyembamba ya Micro-USB ya simu, kwa hiyo huenda ukahitaji kuutafuta waya wenyewe. Ukifika dukani usiseme tu "naomba waya wa chaji". Sema "naomba waya wa data", na omba kuujaribu kabla ya kulipa.

Ukiwa hatua hii, kagua na haya matatu. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kile kigawanyio cha matundu mengi. Kama ni kompyuta ya mezani, tumia matundu ya nyuma, kwa sababu yale ya mbele yanaunganishwa na waya wa ndani ambao mara nyingi umelegea. Na angalia tundu la MP3 yenyewe. Vumbi la Dar likichanganyika na jasho la mfukoni linakuwa kama simenti. Kizime kidude, kisha toa uchafu taratibu kwa kijiti cha meno kikavu.

Fundi alikuwa na waya mwingine kwenye droo. Nikamwomba. Tukachomeka, na safari hii kompyuta ikalia. Ugonjwa wa kwanza umekwisha.

Pili: je, wamesalimiana?

Ule mlio wa kompyuta una maana yake. Unapochomeka kifaa, kompyuta haijui ni nini: kipanya, printa au flashi. Inachokiona mwanzoni ni kitu kimoja tu. Ndani ya MP3 kuna rezista ndogo ya kilo-ohm 1.5 inayouvuta mmoja kati ya ule waya mweupe na wa kijani mpaka kama volti 3.3. Kompyuta ikiona waya umepanda, inajua kuna mtu mlangoni. Ni sawa na hodi.

Baada ya hodi kompyuta inasubiri kidogo, kwa sababu mkono wako unatikisa pini wakati wa kuchomeka, halafu inauliza: wewe nani? Kifaa kinatakiwa kujibu kwa namba mbili, moja ya mtengenezaji na nyingine ya aina ya bidhaa, pamoja na maelezo ya kazi kinazoweza kufanya. Kompyuta inakipa anwani, namba kati ya 1 na 127, na kuanzia hapo inakiita kwa anwani hiyo. Salamu zote hizi zinamalizika kabla hujaondoa mkono.

Sasa kuna jambo la kushangaza kidogo. Ule ujumbe wa kuudhi unaosema "USB device not recognized" ni habari njema kuliko ukimya. Ukimya maana yake hodi haikusikika kabisa: waya wa chaji, tundu bovu, au MP3 imezima kabisa. Ujumbe maana yake hodi imesikika, ila jibu halikueleweka. Nyaya za data zipo, lakini kuna kitu kinakoroga maneno.

Ukipata ujumbe huo, fuata mpangilio huu:

- Badilisha waya kwa mfupi zaidi. Kwa USB 2.0 waya haupaswi kuzidi mita 5, na ule uliokunjwakunjwa unaweza kushindwa hata ukiwa nusu mita.
- Ichaji MP3 kwanza kwa chaja ya ukutani kwa nusu saa. Kabla salamu hazijaisha kifaa kinaruhusiwa kuchukua miliampea 100 tu kutoka kwenye kompyuta, na betri iliyokufa kabisa inaweza kushindwa kuamka kwa hizo.
- Iwashe upya kwa nguvu. MP3 nayo ina kijikompyuta ndani, na kijikompyuta kinaweza kuganda. Baadhi zina kitundu kidogo cha kubonyeza kwa sindano, nyingine unashikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi mpaka thelathini.
- Jaribu kompyuta nyingine. Ikikubali kule, tatizo liko kwenye kompyuta yako. Kwenye Windows fungua Device Manager, tafuta kile kifaa chenye alama ya mshangao, kiondoe, chomoa, washa kompyuta upya, kisha chomeka tena ili draiva ijipange upya.

Kwenye Linux andika lsusb na utaona orodha ya waliosalimiana na kompyuta. Kifaa chako kikiwemo kwenye orodha, hatua ya pili umevuka, hata kama huoni nyimbo.

Tatu: wanaongea lugha gani?

Kusalimiana si kuelewana. Vicheza muziki vina lugha mbili kubwa za kuongea na kompyuta.

Ya kwanza ni ile ya flashi, inayoandikwa MSC kwenye menyu. Hapa MP3 inaikabidhi kompyuta ghala lote na funguo zake: hili hapa, lipange utakavyo. Ndiyo maana vingi haviwezi kupiga muziki vikiwa vimechomekwa, kwani ghala liko mikononi mwa mwingine.

Ya pili inaitwa MTP. Hapa MP3 inabaki na funguo. Kompyuta inasema "naomba faili fulani", na MP3 inalitoa yenyewe. Simu za Android zinaongea hivyo. Ubaya wake ni kwamba si kila kompyuta inaijua lugha hii. Mac haina MTP mpaka uweke programu ya ziada. Na kuna Windows zenye herufi N mwisho wa jina, toleo la soko la Ulaya ambalo halina vipande vya muziki na video, na pamoja navyo MTP haifanyi kazi. Kama laptop yako ni ya mtumba kutoka Ulaya, ingia kwenye mipangilio usome jina kamili la Windows yako. Ukiikuta hiyo N, unaongeza kifurushi cha Microsoft kinachoitwa Media Feature Pack, bila malipo.

Njia fupi zaidi ni kutafuta kwenye menyu ya MP3 yenyewe. Mara nyingi kuna sehemu ya USB yenye chaguo la MSC, MTP au Auto. Weka MSC, chomoa, chomeka tena.

Ya mama mdogo ni ya zamani, inajua MSC tu. Kwa hiyo hatua hii tuliivuka bila kufanya lolote.

Nne: daftari la soko limechanika

Na hapo ndipo tulipokutana na tatizo lenyewe. Kompyuta ilipolia, ilifungua kidirisha: diski hii inabidi ifomatiwe kabla ya kutumika. Chini yake kitufe cha kukubali. Kidole cha fundi kilikuwa tayari kwenye kipanya.

Kabla hujaogopa kidirisha kama hicho, angalia kwanza kama MP3 haijakosa herufi tu. Windows inavipa vifaa herufi kama E au F, na wakati mwingine herufi haitolewi. Fungua Disk Management. Ukiona diski ipo na ukubwa wake ni sawa ila haina herufi, ipe, na kazi imeisha. Sisi haikuwa hivyo. Herufi ilikuwepo, yaliyomo ndiyo hayakusomeka.

Ili uelewe kilichotokea, fikiria soko. Kuna vizimba elfu kadhaa, na kuna daftari moja ofisini linaloonyesha kizimba gani ni cha nani. Kumbukumbu ya MP3 iko hivyo hivyo. Imekatwa vipande vingi vidogo, na mwanzoni kuna jedwali linalosema wimbo huu umeanzia kipande hiki, unaendelea kile, unaishia pale. Jedwali hilo linaitwa FAT, na toleo lake la FAT32, lililokuja mwaka 1996, ndilo linalotumika kwenye vidude vingi vya aina hii.

Daftari likichanika, mali bado iko vizimbani. Hakuna aliyeiba kitu. Ila ofisini hakuna anayejua nini kiko wapi, na kompyuta inachojua kusema ni "tufungue daftari jipya". Huko ndiko kufomati. Kufomati kwa haraka kunaandika daftari jipya tupu na kuacha mali vizimbani, mpaka mtu mwingine aje apangiwe kizimba hicho hicho. Kufomati kamili, kwenye Windows kuanzia Vista, kunapita kila kizimba na kuandika sifuri. Hapo hata fundi bingwa hakusaidii.

Daftari linachanikaje? Mara nyingi ni kwa kuchomoa kidude kabla kompyuta haijamaliza kuandika. Unaweza kuona wimbo umeshaingia, kumbe kompyuta ilikuwa haijamaliza kusahihisha daftari. Nilipomuuliza mama mdogo, alicheka kwa aibu. Mjukuu wake alikuwa anaingiza nyimbo, akaitwa kula, akaivuta.

Sababu nyingine, hasa kwa MP3 zinazotumia memori kadi, ni kadi ya uongo. Imeandikwa GB 64 kumbe ndani ina 4. Chipu yake imefundishwa kudanganya ukubwa. Mwanzoni kila kitu ni sawa, ila ukishavuka ukubwa wa kweli, nyimbo mpya zinaandikwa juu ya za zamani au zinapotea, na mwisho daftari lenyewe linafutika. Ukinunua kadi mpya, kabla hujaweka kitu ipime kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac. Zote ni za bure.

Tulichofanya

Nilimweleza fundi kuwa ndani kuna sauti ya marehemu. Akanyamaza kidogo, akaondoa mkono kwenye kipanya. Halafu akasema neno ambalo naona ni la haki kabisa: "Dada, wateja wangu karibu wote wanataka nyimbo tu. Nikifomati nawajazia nyimbo mpya, wanaenda zao. Mama hakuniambia kuna rekodi."

Na kweli. Kufomati si dhambi. Kama kilichomo ni nyimbo ambazo zipo kila mahali, kufomati ni dawa ya haraka na nzuri. Swali linalotakiwa kuulizwa kabla ni moja: humu ndani kuna kitu ambacho hakipo kwingine?

Kama jibu ni ndiyo, kanuni ya kwanza ni kutoandika chochote kwenye kifaa hicho. Usiingize wimbo wa kujaribu, usirekodi, usiruhusu kompyuta "ikitengeneze", kwa sababu hata programu za kurekebisha diski zinaandika juu ya daftari. Kanuni ya pili ni kunakili ghala zima, kizimba kwa kizimba, kuliweka kama faili moja kubwa kwenye kompyuta, halafu kuifanyia kazi nakala. Ukikosea, asili bado ipo.

Nyumbani nina laptop ya Linux. Nilitumia programu ya bure inayoitwa ddrescue, ambayo inanakili kinachosomeka kwanza na kurudia sehemu ngumu baadaye. GB 2 zilichukua kama nusu saa, maana chipu ya kidude hiki ni ya mwendo wa konokono. Kisha nikaipeleka nakala kwenye programu nyingine ya bure, PhotoRec. Jina lake linataja picha, lakini inatafuta mafaili ya aina nyingi. Yenyewe haijali daftari. Inapita vizimba kimoja kimoja ikitafuta alama za mwanzo wa faili. Rekodi za sauti za aina ya WAV, kwa mfano, zinaanza na herufi nne zile zile: RIFF. Ikizikuta, inajua hapa sauti inaanzia, inaanza kukusanya.

Ubaya wake ni kwamba majina yanapotea, kwa sababu majina yalikuwa kwenye daftari. Nilipata mafaili mia tatu na kitu yenye majina ya namba tupu. Nikafanya hesabu. Vidude hivi vinarekodi sauti kwa ubora mdogo, kama kilobaiti 4 kwa sekunde. Dakika arobaini ni sekunde 2,400, kwa hiyo natafuta faili la WAV lenye megabaiti 10 hivi. Yalikuwa mawili. La kwanza ni kelele za mfukoni, inaonekana kitufe kilibonyezwa kwa bahati mbaya. Nikafungua la pili.

Kabla hujaenda kwa fundi

Kwa ufupi, ukichomeka MP3 na kompyuta isiione, jiulize kwa mpangilio huu. Imekaa kimya kabisa? Shuku waya na tundu. Imetoa ujumbe wa kutotambua? Shuku waya mbovu, betri, au kidude kilichoganda. Inaonekana kwenye orodha ya vifaa ila huoni mafaili? Angalia lugha, MSC au MTP, kisha herufi ya diski. Inaomba kufomatiwa? Simama hapo. Uliza kama kuna kitu kisicho na nakala. Kama kipo, nakili kwanza, mengine baadaye. Na ukienda kwa fundi, mwambie mapema kilichomo ndani. Yeye hawezi kujua.

Ile rekodi sasa iko sehemu tatu: kwenye laptop yangu, kwenye diski ya nje kwa mama mdogo, na kwa binamu zangu niliowatumia. MP3 yenyewe nilimrudishia fundi, akaifomati kwa roho safi, akajaza taarabu. Mama mdogo alimpa elfu tano yake na ya soda juu.

Faili linaanza na mlio wa kiti na kikohozi. Halafu babu anauliza, si kwa mama mdogo, ni kama anaongea na kidude chenyewe: "Haya, unanisikia?"